Kitabu Nilichomsomea Mama Mkwe

Mama mkwe alikuja nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza katika mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu, na kilichomleta ni jicho.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati ambao upepo wa Dodoma unapasua midomo na watu hawavui makoti mpaka saa nne asubuhi. Mume wangu alikwenda kumchukua Kondoa, akamfikisha hospitali, na huko mama akaondolewa mtoto wa jicho. Daktari akasema asikimbilie kurudi milimani. Kule kuna vumbi na moshi wa kuni, na yeye alitakiwa kuonwa tena baada ya wiki moja, kisha baada ya wiki tatu. Mume wangu aliniletea habari hiyo akiwa amesimama mlangoni na viatu mkononi, kama mtu aliyekuja kutoa taarifa ya msiba na hajui aanzie wapi.

"Atakaa kwetu kama mwezi hivi," alisema.

"Akaribie tu," nilisema.

Mimi ni Mgogo wa Haneti, binti wa katekista. Mume wangu ni Mrangi, Mwislamu, mtoto wa mwisho wa mama yake. Kila mmoja alibaki na dini yake, tukafunga ndoa bomani. Mama yake hakuja. Hakutulaani, hakupiga kelele, hakutuma mtu kuja kututenganisha. Alinyamaza tu, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko matusi. Kila sikukuu ya Idi mume wangu alipanda kwenda kwao, na binti yetu alipokuwa mkubwa kidogo akawa anakwenda naye. Mimi nilibaki Dodoma nikipanga kabati ambalo nilikuwa nimeshalipanga.

Basi akaja. Alishuka kwenye gari taratibu, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali, amejitanda khanga mbili. Nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi, hilo tu. Nyuma yake mume wangu alikuwa amebeba kikapu kilichofunikwa kitambaa. Kilipotuliwa jikoni nikaona kilichomo: sufuria yake, sahani yake, bakuli na kijiko. Alikuwa amekuja na vyombo vyake ili asile katika vyangu. Miaka kumi na moja nyama yangu yote nilikuwa nanunua kwa mchinjaji Mwislamu, na kitimoto cha nguruwe hakijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Nilivipanga vyombo vyake kwenye rafu ya peke yake, nikaenda kukaa chumbani mpaka macho yalipokauka.

Siku mbili za kwanza mume wangu ndiye aliyempikia. Anajua kupika vitu viwili, wali na mayai, na siku ya pili mama yake alikula mayai bila wali. Siku ya tatu akaitwa kazini. Yeye ni mpima ardhi, na walikuwa na kazi Bahi, kwenye mashamba ya mpunga, kazi ya wiki mbili, na angekuwa anarudi Jumapili tu. Alituaga wote wawili kwa sauti ya mtu anayeacha jiko likiwaka.

Tukabaki. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa anakwenda masomo ya likizo mpaka mchana. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani asubuhi na jioni. Mara nne kwa siku ilibidi nimwekee mama mkwe dawa ya matone. Huwezi kumwekea mtu dawa ya jicho bila kumshika uso. Alikaa kitini, akainua kichwa, mimi nikaweka vidole viwili chini ya jicho lake na kulivuta kope polepole. Ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nikimaliza alifumba macho, na mimi nikaondoka kimya kama mtu aliyetoka msikitini.

Baada ya dawa ya saa tisa alipenda kukaa barazani, upande usiopigwa na upepo. Mimi nilikaa upande wa pili na kitabu changu. Siku ya kwanza ikapita hivyo, siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu akaniuliza, bila kunigeukia:

"Unasoma nini siku zote hizo?"

"Kitabu cha hadithi, mama."

"Kinene kama msahafu. Hadithi ya nani?"

"Ya binti mmoja wa Uingereza. Zamani sana, enzi za mababu wa babu zetu."

"Kafanya nini?"

"Bado hajafanya kitu. Niko ukurasa wa tisini."

Aligeuza kichwa. "Kurasa tisini, na hajafanya kitu?"

"Ametembea mpaka kanisani, mama. Na shangazi yake amekunywa chai na majirani."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

Kitabu hicho nilikuwa nacho tangu Kongwa. Nilisoma sekondari ya bweni kule, na wazee wa pale walipenda kutusimulia jinsi Waingereza walivyokuja na matrekta kulima karanga, na jinsi karanga zilivyowashinda wakafunga virago. Nyuma ya chumba cha maktaba ya shule kulikuwa na kabati la vitabu ambalo sisi wasichana tuliamini liliachwa na watu hao. Majalada yalikuwa ya kitambaa, herufi ndogo kama punje za ulezi, na ukivifungua vilitoa harufu ya kitu kilichofungiwa miaka mingi. Hakuna aliyeviazima. Mimi nilivifikia kwa adhabu. Nilichelewa foleni ya asubuhi, mwalimu wa zamu akaniamuru nikafute vumbi lile kabati.

Nilifungua kimoja nikiwa na kitambaa bado mkononi. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, cha kuokoteza. Lakini katika ukurasa wa kwanza mwandishi alisimamisha hadithi akanigeukia mimi, msomaji, akaniomba nivumilie kwa sababu alikuwa na mengi ya kueleza kabla hatujafika mjini. Nilishtuka. Hakuna kitabu kilichowahi kunisemesha. Vitabu vya shule viliamuru: soma, jibu, eleza. Huyu alikuwa anaongea nami kama bibi yangu alivyokuwa anatusimulia hadithi, anakatiza katikati na kuuliza, "Mnanisikia, au mmelala?"

Nikakisoma muhula mzima, kamusi pajani. Vitu nilivyokuwa sivijui nilivijenga kwa vya kwetu. Ukungu wa moshi wa makaa ya mawe niliufanya kuwa vumbi la mwezi wa tisa. Magari ya farasi yalikuwa mikokoteni ya punda, ila yana mapazia. Theluji ilinishinda kabisa, mpaka nikaamua ni kama unga wa mtama uliomwagika juu ya mji mzima, na watu wanatembea juu yake bila kuuokota. Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wetu wa fasihi alinipa kitabu kile. "Chukua," alisema. "Kikibaki hapa kitaliwa na mchwa, na wewe ndiye peke yako utakayekililia."

Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu huwa ananiuliza kwa nini nahangaika na vitabu vya wakoloni. Ni swali la haki na sina jibu fupi. Najua enzi zile zile Waingereza walikuwa wanagawana nchi za watu. Lakini binti wa kwenye kitabu hakugawana nchi na mtu, alikuwa anagombana na shangazi yake. Wazungu wa kwenye sinema sikuwahi kuwaelewa, wanapigana risasi na kubusiana na watu wasiowajua. Hawa wa kwenye riwaya za karne ile waliogopa midomo ya majirani kama watu wa Haneti. Walihangaika nani amuoe nani, nani arithi nyumba, nani hakumsalimia nani baada ya ibada. Na waandishi wao hawakuwa na haraka. Waliamini kwamba msichana wa kawaida, asiye na cheo wala uzuri wa kupita kiasi, anastahili kurasa mia sita. Hilo lilinigusa nikiwa na miaka kumi na tano, na bado linanigusa.

Sasa mama mkwe akaacha kucheka, akasema, "Nisomee. Nami nione huyo asiyefanya kitu."

Nikarudi ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nasoma Kiingereza kwa macho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, sentensi kwa sentensi, na haikuwa kazi rahisi. Yule binti alikuwa yatima wa fundi wa kufuma vitambaa, katika mji wa kondoo na viwanda, analelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye nyumba ya mawe na jina zuri kanisani. Nilipofika kwenye maelezo marefu ya bonde na mto nikayaruka, nikaenda moja kwa moja kwenye mazungumzo. Mama mkwe akainua mkono.

"Umefunua kurasa mbili na umesema maneno matatu."

"Ni maelezo ya mto tu, mama."

"Mto wenyewe ukoje?"

Nikarudi nyuma nikausoma mto wote, na mawe yake, na daraja, na wanawake wanaofua. Akatikisa kichwa akiridhika. "Huyo aliyeandika aliuona huo mto. Usiniibie tena." Mimi niliyefundisha Kiingereza miaka kumi na sita, nikafundishwa kusoma na mwanamke aliyesoma Kurani tu kwa maalim, na Kiswahili akajifunzia madarasa ya watu wazima.

Tangu siku hiyo kila baada ya dawa ya saa tisa tulisoma mpaka wakati wake wa kuswali. Aliingia ndani, akaswali, akatoka, akakaa, akasema, "Haya, tulimwacha mlangoni." Sikuwahi kumkuta amesahau tulipoishia. Nilipokuwa chuo kikuu mhadhiri alitueleza kwamba riwaya nyingi za wakati ule zilitoka vipande vipande, mwezi kwa mwezi, na watu wakawa wanasubiri kipande kijacho huku wanabishana mitaani. Niliandika jambo hilo kwenye daftari kwa ajili ya mtihani. Sikulielewa mpaka nilipomwona mama mkwe anaswali kwa utulivu wote unaotakiwa, halafu anatoka kwa hatua za haraka kuliko daktari alivyomruhusu.

Alikuwa na maswali ambayo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza. Kwa nini shangazi hakuolewa? Nani anampikia yule mchungaji? Kijana fundi saa, ambaye yule binti alianza kumpenda, ana ndugu gani, na kwa nini hawakutuma mshenga mapema? Nilipomwambia kwamba shangazi anamkataa fundi saa kwa sababu anasali katika kanisa jingine, kanisa dogo la watu wa viwandani, akakunja uso.

"Kwani wote si Wakristo?"

"Ndiyo, mama. Ila wanatofautiana namna ya kusali."

"Mungu mmoja, kitabu kimoja?"

"Ndiyo."

Upepo ukapeperusha khanga yake, akaikamata. "Hata hao," alisema. Nami nikaendelea kusoma, macho yangu yakiwa yameng'ang'ania ukurasa.

Siku ya kumi na mbili, au karibu na hapo, tukafika kwenye barua. Fundi saa amesafiri ng'ambo kutafuta maisha, na kutoka huko amemwandikia yule binti kumwomba amsubiri. Barua inamkuta shangazi peke yake nyumbani. Anaisoma, anaikunja, anaiweka chini ya nyuzi ndani ya sanduku lake la kushonea, analifunga. Yule binti anasubiri, haoni kitu, anaanza kukonda. Mwandishi anatumia sura nzima kwa ajili ya shangazi yule na sanduku lile: anavyolipita, anavyojifanya halioni, anavyoanza kushona kwa sindano za kuazima.

Nilipomaliza sura hiyo nikategemea maswali. Hayakuja. Mama mkwe alikuwa amevua miwani, na jicho lililopona lilikuwa linanitazama mimi, siyo kitabu.

"Barua yako ninayo," alisema.

"Barua gani, mama?"

"Uliyoniandikia mtoto alipozaliwa."

Nilikuwa nimeandika kweli. Wiki ya tatu baada ya kujifungua nilikaa kitandani nikaandika ukurasa mzima, nikamwomba aje amshike mjukuu wake, amwombee dua, na nikasema sitatafuta kitu kingine kwake. Nikaituma kwa mtu aliyekuwa anakwenda Kondoa. Jibu halikuja. Mwaka wa kwanza nilijiambia barua ilipotea njiani. Baadaye nikaamini aliichana. Sikuwahi kumwambia mume wangu.

"Niliisoma mwenyewe," alisema. "Polepole, lakini niliisoma. Nikaiweka kwenye sanduku la nguo zangu za Idi. Kila mwaka nikitoa nguo naiona."

Kitabu kilikuwa wazi magotini pangu.

"Huyu wa kwenye hadithi aliificha kwa kuogopa," akaendelea. "Mimi sikuogopa mtu. Nilikasirika. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume aliyebaki, na nikaona umemchukua. Hasira ikishakaa muda mrefu, mtu anaizoea, kama jiwe la mlangoni. Unalizunguka kila siku, husemi uliondoe."

"Nilidhani uliichana, mama."

"Mtu hachani jina la mjukuu wake."

Hakuniomba msamaha, na sikumdai. Nilikuwa nalia, lakini siyo kilio kile cha chumbani siku ya kwanza. Alipoona hivyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinyoosha mkono, akachukua kitabu magotini pangu, akakunja ncha ya ukurasa ili tusipotee, akakifunga.

"Leo inatosha," alisema. "Twende ndani, mwanangu. Una mlenda?"

Nilikuwa nao. Nikasonga ugali wa uwele, yeye akakaa kwenye kiti pale jikoni akinielekeza nipunguze magadi kwenye mboga. Nilipoinuka kuchukua sahani yake kwenye ile rafu, akasema, bila kuangalia, "Acha. Weka pamoja tu, sahani nyingi kazi yake kuosha." Tukala watatu, na binti yetu, ambaye hakujua kilichotokea, alitutazama kwa zamu kama mtu aliyeingia darasani katikati ya somo.

Mume wangu aliporudi Jumapili kutoka Bahi alitukuta barazani tunabishana. Mama yake alikuwa anadai fundi saa naye ana makosa, mwanaume wa maana haandiki barua moja akatulia, anaandika tatu. Mimi nilikuwa namtetea. Mume wangu alisimama getini na begi lake la vipimo begani muda mrefu, hakubisha hodi.

Mwezi uliisha na tulikuwa tumefika nusu tu ya kitabu. Daktari alisema jicho limepona vizuri, anaweza kurudi kwake. Siku ya kuondoka aliniuliza zimebaki kurasa ngapi. Nikamwambia. Akafikiri.

"Usiendelee bila mimi," alisema.

"Mama, mimi nimekisoma mara nne. Mwisho naujua."

"Najua unaujua. Usiendelee."

Tulijaribu simu. Nilimsomea siku mbili tatu, lakini kule milimani mtandao unakuja na kuondoka, na sauti ilikatika kila pale shangazi alipotaka kusema jambo. Mara ya mwisho nilisoma ukurasa mzima kwa simu iliyokuwa imeshakatika. Akanipigia asubuhi yake. "Hivi sivyo," alisema. "Shule zikifunga mwezi wa kumi na mbili, njoo na kitabu."

Njoo. Miaka kumi na moja nilikuwa nalisubiri neno hilo, na halikuja kwa kikao cha ukoo wala kwa mshenga.

Tulikwenda sote watatu. Barabara ya Kondoa inapita Haneti, tukasimama kumsalimia mama yangu. Akaniuliza nakwenda ukweni na nini, nikamwonyesha sukari, khanga na kitabu. Alikigeuza kitabu huku na huku. Baba alipokuwa hai vitabu vya nyumba yetu vilikuwa viwili tu, cha nyimbo na cha sala. "Cha kanisa?" aliuliza. Nikasema hapana. Hata hivyo akanirudishia kwa mikono miwili.

Kwa mama mkwe nilikuta mkeka umetandikwa uani na wanawake sita wamekaa wakichambua mbaazi. Walikuwa majirani zake na wifi yangu mmoja. Nikawasalimia mmoja mmoja, nikijiandaa kwa maswali ya ukwe: nimetokea wapi, nimebatizwa wapi, kwa nini nina mtoto mmoja. Mwanamke wa kwanza kufungua mdomo, mzee mwenye meno machache, aliniuliza:

"Hivi yule binti amepata barua yake au bado?"

Mama mkwe alikuwa amewasimulia nusu yote ya kwanza. Mto alikuwa amewasimulia pia.

Nilisoma siku tano, kila mchana baada ya swala ya adhuhuri, mbaazi zikiingia kwenye ungo huku maganda yakirundikana. Sikuruka kitu. Sura ambayo shangazi, akiwa mgonjwa, anamwita yule binti na kumpa ufunguo wa sanduku, hakuna aliyegusa mbaazi. Wifi yangu alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni vumbi. Sura ya mwisho fundi saa anarudi, amezeeka kidogo, na wanafunga ndoa katika kanisa lake dogo, na shangazi anaingizwa amebebwa kitini, anakaa mbele. Nilipofunga kitabu nikadhani watafurahi. Ukazuka ugomvi.

"Amesamehe upesi mno," alisema yule mzee. "Miaka saba ya mtu haifutwi kwa ufunguo."

"Angefanyaje? Amwache mgonjwa afe peke yake?" alisema wifi yangu.

"Asamehe, ndiyo. Lakini angalau amwache akae kiti cha nyuma."

Wakacheka. Wakamgeukia mama mkwe, kwa kuwa kitabu walikihesabu kuwa chake. Alikuwa anaokota ganda moja moja kwenye khanga yake.

"Kiti cha mbele ndicho kigumu," alisema. "Ukikaa nyuma hakuna anayekuona. Yule alikaa mbele, na watu wote wakijua alichofanya. Mnadhani hiyo si adhabu?" Hakunitazama aliposema hivyo, na mimi nikainama kuokota mbaazi iliyodondoka.

Siku ya kuondoka tulimkuta amevaa, amekaa na mkoba wake. Alisema anakwenda nasi mpaka Haneti. Haifai, alisema, watu wawe na mjukuu mmoja na hawajawahi kuonana sura. Mume wangu alinitazama, nami nikamtazama yeye, tukampisha kiti cha mbele ndani ya gari.

Mama yangu hakuwa ametarajia mgeni. Alitoka na mikono yenye unga, akasema "Mbukwenyi," kisha akakumbuka na kurudia salamu kwa Kiswahili. Hawa wawili Kiswahili kwa wote ni lugha ya pili, na kila mmoja ana lafudhi yake, ya mama yangu ya bondeni na ya mama mkwe ya milimani. Walikaa kwenye kigoda na kiti chini ya kivuli cha ukuta. Walizungumzia mvua, magoti, na bei ya kuku, wakaishiwa. Nikaanza kuogopa. Ndipo mama yangu akasema:

"Mwanangu alipita hapa na kitabu. Kilikuwa cha nini?"

Mama mkwe akajiweka sawa kitini. "Kuna binti mmoja," alianza, "yatima, analelewa na shangazi yake."

Alisimulia saa nzima na zaidi. Lakini haikuwa tena hadithi niliyosoma. Mji wa viwanda ulikuwa umekuwa mji wa mnada wa ng'ombe. Fundi saa alikuwa anatengeneza redio. Shangazi aliificha barua ndani ya sanduku la nguo za sikukuu, na fundi akaandika barua tatu, kama mama mkwe alivyotaka tangu mwanzo. Mara mbili nilifungua mdomo nimsahihishe, na mara mbili mume wangu alinikanyaga mguu.

Mama yangu alikuwa ameacha unga ukauke mikononi. Aliinama mbele, viwiko magotini, kama alivyokuwa akifanya bibi yangu alipokuwa hai.

"Na hakumwambia?" aliuliza. "Miaka yote hiyo wanakula pamoja, na hakumwambia?"

"Subiri," alisema mama mkwe. "Bado hujasikia habari za mto."